Cheti kimoja, mizani kumi: mwongozo kamili wa kuchagua koleji ya kuomba Makerere

Matokeo ya UACE, mtihani wa Uganda wa kumaliza Kidato cha Sita, yakitoka, kwa kawaida Februari au Machi, baraza ya nyumba yangu hapa Busia hugeuka ofisi. Wanafika na karatasi ya matokeo ndani ya bahasha ya kaki, huyu kaja na mamake, yule na mjomba aliyewahi kufika chuo. Swali ni lile lile: "Mwalimu, kwa haya niliyopata nitaingia Makerere?" Nami huwarudishia swali: "Makerere ya wapi?"

Wengi hudhani nafanya mzaha. Lakini chuo kile, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, tangu 2011 kinaendeshwa kwa mfumo wa koleji, ambazo ndugu zetu wa Tanzania wangeziita ndaki. Ziko koleji tisa, na Shule ya Sheria inayosimama peke yake. Ukishuka teksi Wandegeya utaona kilima kimoja, ila milango ya kuingilia ni kumi, na kila mlango una mizani yake. Karatasi ile ile ya matokeo inaweza kuwa nyepesi mlango huu na nzito mlango wa pili. Kwa hiyo kazi yako si kujiuliza kama unafaa Makerere. Kazi yako ni kujua cheti chako kinapima vipi kwenye kila mlango, kisha kuchagua ule unaoutaka kati ya inayofunguka.

Nitakueleza kama ninavyowaeleza wanaokuja barazani. Chukua daftari.

Hatua ya kwanza: jua kozi unayoitaka inaishi nyumba gani

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa sababu majina ya koleji hudanganya. Mtoto anapenda maabara ya hospitali, kupima damu na vijidudu, basi anafungua ukurasa wa Koleji ya Sayansi ya Afya kule hospitali ya Mulago, haoni kozi ya teknolojia ya maabara ya tiba, anakata tamaa. Kumbe kozi ile iko Koleji ya Tiba ya Mifugo, Rasilimali za Wanyama na Usalama wa Kibayolojia. Ndiyo, kwa madaktari wa ng'ombe. Nimewaona wawili walioikosa kwa sababu hiyo tu.

Haiko peke yake. Shahada ya Takwimu haiko kwenye sayansi asilia. Iko Koleji ya Biashara na Menejimenti, pamoja na Uchumi, Biashara na ile ya mahesabu ya bima wanayoiita Akchuario. Sanaa za uchoraji na usanifu wa viwandani zipo nyumba moja na uhandisi wa barabara, katika Koleji ya Uhandisi, Usanifu, Sanaa na Teknolojia, chini ya shule yenye jina la Margaret Trowell. Jiografia imehamia kwa watu wa kilimo na mazingira, na Lishe ya Binadamu pamoja na Sayansi ya Chakula ziko huko huko. Ukutubi uko kwenye koleji ya kompyuta. Uandishi wa habari, Saikolojia na Ustawi wa Jamii utavikuta Koleji ya Sanaa na Sayansi za Jamii, ambako pia lugha zetu zinafundishwa, Kiswahili kikiwemo. Ualimu una koleji yake, na sayansi asilia, yaani Fizikia, Kemia, Baiolojia na Hisabati, zina yake, humo ndimo mna Kemia ya Viwandani, Bayoteknolojia na jiolojia ya petroli.

Kwa hiyo usianze na jina la koleji. Anza na orodha nzima ya kozi, isome yote toka juu hadi chini kama unavyosoma orodha ya majina ya waliofaulu, weka tiki kwa kila kozi unayoweza kuvumilia miaka mitatu, minne au mitano. Nasema kuvumilia kwa makusudi. Kupenda huja na kuondoka, hasa muhula wa pili. Ukimaliza utakuwa na kozi kama kumi na mbili, na utashangaa kuona zimetawanyika koleji nne.

Kosa hili nalijua kwa uchungu. Mimi mwenyewe, zamani, niliandika fomu kwa kufuata umaarufu wa jengo. Nilitaka kuonekana natoka pale. Chuo sitakitaja, hakikuwa na kosa lolote. Nilikaa mwaka mzima nasoma kitu nisichokijua hata jina lake la Kiswahili, huku kozi niliyoitaka ikifundishwa jengo la jirani, na wanafunzi wake nawaona dirishani.

Hatua ya pili: pima cheti chako kwenye kila mizani

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zilizobaki ni kitoweo.

Ili uingie kwa cheti cha UACE sharti uwe umefaulu angalau masomo makuu mawili katika kikao kimoja cha mtihani. Hilo linakupa ruhusa ya kusimama mlangoni tu. Kinachoamua nani anaingia ni pointi zilizopimwa, na zinapatikana hivi.

Kila daraja la somo kuu lina thamani: A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1. Somo dogo, yaani General Paper na lile la Hisabati ndogo au Kompyuta, likifaulu linakupa 1, lisipofaulu halikupi kitu. Halafu kila kozi imeyapanga masomo katika makundi manne. Masomo mawili ya lazima huzidishwa kwa 3. Somo moja linalohusiana huzidishwa kwa 2. Masomo ya nyongeza, ambako General Paper na somo dogo huingia mara nyingi, huzidishwa kwa 1. Mengine yote huzidishwa kwa nusu. Juu ya hapo kuna kitu kidogo kutoka UCE ya Kidato cha Nne: katika mfumo wa zamani kila distinkshoni ilitoa 0.3, krediti 0.2, na pasi 0.1. Na mtoto wa kike huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990.

Sasa angalia. Binti mmoja amesoma Baiolojia, Kemia na Hisabati. Amepata Baiolojia C, Kemia B, Hisabati A. General Paper na Kompyuta amefaulu. UCE alikuwa na distinkshoni tano na krediti tano. Anataka Udaktari, kwa sababu kila mtu nyumbani anataka awe daktari.

Udaktari unataka Baiolojia na Kemia kuwa za lazima. Basi 4 na 5 ni 9, mara 3 ni 27. Tuseme Hisabati imeingia kama somo linalohusiana: 6 mara 2 ni 12. Tumefika 39. Masomo madogo 2, jumla 41. UCE yake ni 1.5 na 1.0, yaani 2.5. Pointi za binti 1.5. Jumla kuu ni 45.0.

Mchukue binti yule yule, karatasi ile ile, umpeleke kwenye kozi inayotaka Hisabati na Kemia kuwa za lazima, na Baiolojia iwe inayohusiana. Sasa 6 na 5 ni 11, mara 3 ni 33. Baiolojia 4 mara 2 ni 8. Ni 41. Ongeza zile 2, zile 2.5 na ile 1.5, unapata 47.0. Pointi mbili zimetoka wapi? Hazikutoka popote. A yake ilikuwa imewekwa mahali pabaya.

Usizidharau pointi mbili. Kwenye kozi zinazogombewa, watu hutenganishwa na sehemu ya kumi ya pointi. Mwenye 45.1 anaingia, mwenye 45.0 anabaki nje na cheti chake kizuri.

Kwa wa sanaa mchezo ni ule ule. Kijana mwenye Hisabati D, Uchumi B na Jiografia A, akiomba kozi inayolazimisha Hisabati na Uchumi, anapata 8 mara 3, ni 24, na Jiografia 12, jumla 36 kabla ya nyongeza. Akiomba kozi inayochukua masomo yoyote mawili aliyofanya vizuri zaidi, anapata 11 mara 3, ni 33, na Hisabati 6, jumla 39. Tofauti ya pointi tatu, na hajarudia mtihani.

Kanuni ninayowapa ni fupi: tafuta mahali ambapo madaraja yako mawili ya juu yamekaa kwenye kiti cha lazima. Kozi inayolazimisha somo lako dhaifu inakuadhibu mara tatu.

Jedwali la uzito wa masomo hutolewa na ofisi ya Msajili Mkuu wa Taaluma na hupatikana kwenye tovuti ya chuo. Pakua la mwaka wako. Usitumie picha aliyokutumia binamu kwenye WhatsApp ambaye aliingia miaka minne iliyopita; kozi hubadilisha masomo yake, somo lililokuwa la lazima likashuka kuwa linalohusiana, nawe ukapiga hesabu ya nyumba iliyokwisha bomolewa.

Neno kwa walio Kidato cha Tano na cha Sita sasa: kundi la kwanza la mtaala mpya wa sekondari ya chini lilifanya UCE mwaka 2024, na matokeo yao ni herufi A hadi E, hakuna tena distinkshoni na krediti. Zile 0.3 na 0.2 nilizozipigia hesabu ni za waliomaliza UCE kabla yao. Wewe wa mtaala mpya, chukua sehemu ya UCE kutoka tangazo la mwaka utakaoomba, si kutoka kwangu.

Hatua ya tatu: soma pointi za mwaka jana kwa akili

Baada ya udahili chuo hutangaza pointi za kila kozi. Watu huzisoma kama amri ya serikali: "Uhandisi wanataka pointi kadhaa." Hakuna aliyekaa mezani akaamua kwamba wanataka hizo. Ile namba ni pointi za mtu wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule. Nafasi zikiwa hamsini, waombaji wakapangwa toka juu kushuka chini, namba ya hamsini ndiyo inayotangazwa. Mwaka ujao waombaji wakiwa wakali zaidi, inapanda. Kozi ikipoteza umaarufu, inashuka.

Basi nakushauri utafute za miaka mitatu mfululizo, uziandike ubavuni mwa pointi zako ulizopima. Ukiwa juu ya zote tatu, kozi hiyo iite "yangu". Ukiwa katikati, iite "bahati". Ukiwa chini ya zote, iite "sala". Utahitaji majina haya kwenye hatua ya sita.

Tena angalia unasoma safu ipi. Wanaofadhiliwa na serikali wana namba zao na wanaojilipia wana zao, na za serikali ni za juu zaidi. Serikali hugharamia wanafunzi kama 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma vyote kwa pamoja. Wengi huingia kwa ushindani wa kitaifa, wengine kwa mgawo wa wilaya, na nafasi chache huwekewa wanamichezo na wenye ulemavu. Sehemu kubwa ya nafasi za kitaifa huenda kwenye sayansi. Anayetaka sanaa kwa fedha za serikali anapigania tundu la sindano, na ni vizuri alijue hilo kabla hajauza mbuzi wa sherehe.

Sheria, mlango wenye komeo la ziada

Shule ya Sheria naitenga kwa sababu haina kombi yake, yaani mchanganyiko maalumu wa masomo inayoutaka. Mwenye Historia na Fasihi anaomba, mwenye Fizikia na Kemia naye anaomba, kwa hiyo msongamano wake hauelezeki. Kwa miaka mingi pamekuwa na mtihani wa kuingilia unaofanywa na waombaji kabla ya udahili, wenye fomu yake, ada yake, na tarehe yake ya mwisho ambayo si lazima iwe sawa na ya fomu ya kawaida. Kila mwaka kuna mtoto anayekuja kwangu akiwa na pointi nzuri ajabu, na tarehe imeshapita. Ukiwa na Sheria moyoni, tafuta tangazo lake siku ile ile matokeo yanapotoka, usome utaratibu wa mwaka huo.

Na ujue safari ilivyo: miaka minne ya shahada, kisha Law Development Centre kwa diploma ya uwakili. Bila hiyo ya pili huruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu.

Hatua ya nne: uliza mlango wa kutokea uko wapi

Koleji nyingine hukutoa na leseni mkononi au karibu nayo. Nyingine hukutoa na elimu pana, ukajitafutie mwenyewe. Zote mbili ni halali, ila ni maisha tofauti.

Udaktari ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya usajili kamili. Tiba ya mifugo nayo ni mitano, na usanifu majengo vilevile. Uhandisi ni minne, halafu unafanya kazi chini ya wahandisi waliosajiliwa hadi bodi ikukubali. Sayansi ya Kompyuta ni mitatu, Uhandisi wa Programu ni minne. Mzazi anayelipa huu mwaka mmoja wa tofauti ana haki ya kuambiwa mapema.

Ualimu unanigusa, nitausema wazi. Koleji ile ile inatoa shahada ya ualimu wa sayansi na ya ualimu wa sanaa. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada aliye kwenye malipo ya serikali alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wa sanaa alibaki na takribani robo ya hizo, na waligoma mwaka ule bila kupata walichotaka. Chumba kimoja cha walimu, chai moja, mishahara miwili. Mimi nafundisha Kiswahili, hesabu umeshaielewa. Sisemi usisome Kiswahili. Baraza la mawaziri lilikubali Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, na walimu wake bado ni wachache. Nasema tu uingie macho yakiwa wazi.

Jihadhari na kozi ya msimu. Mafuta yalipogunduliwa Bunyoro, kila kijana alitaka kozi yenye neno petroli. Uamuzi wa kuwekeza kwenye mafuta hayo ulitiwa saini Februari 2022, na bomba la kilomita 1,443 kwenda Tanga lilihitaji zaidi watu wa kuchomelea vyuma, madereva wa magari mazito na wapimaji ardhi kuliko wanajiolojia. Nafasi za mtaalamu wa miamba zipo, ni chache, na hujazwa haraka. Kijana anayependa miamba aende. Anayependa habari za gazetini, ngoja kwanza.

Tena hakikisha kozi yenyewe ina kibali hai cha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lile linaloitwa NCHE. Mwaka 2023 habari za kozi ambazo kibali chake kimepitwa na muda, hata kwenye vyuo vikubwa, ziliwatia watu hofu nchi nzima. Kwenye tovuti ya baraza unaandika jina la chuo, unaona orodha. Dakika tano.

Hatua ya tano: fedha, bila aibu

Ada hutofautiana toka koleji hadi koleji, na hata ndani ya koleji moja. Soma mistari miwili: ada ya masomo, inayolipwa kila muhula, na ada za huduma, ambazo wazazi husahau. Halafu ongeza yasiyoandikwa. Mwanafunzi wa usanifu majengo hununua karatasi, mbao na rangi kila wiki. Wa kilimo huenda shamba la chuo kule Kabanyolo. Wa afya huishi upande wa Mulago. Wa kompyuta bila laputopu atakuwa mgeni darasani. Chumba cha kupanga Kikoni au Makerere Kivulu ni hesabu nyingine, na mwenye nyumba hataki kusikia kwamba karo bado.

Mkopo wa serikali upo, kupitia bodi ya kugharamia wanafunzi wa elimu ya juu, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Hulipa ada ya masomo, ada za huduma na za utafiti, na vifaa saidizi kwa wenye ulemavu. Haulipi chakula wala chumba. Na haukubali kila kozi. Bodi ina orodha, na sayansi na teknolojia ndizo zilizojaa humo. Kama mkopo ndio tegemeo lako, orodha hiyo iweke kando ya daftari kabla hujaamua, maana koleji mbili ulizozipenda sawasawa zinaweza kutofautiana hapo tu.

Hatua ya sita: panga fomu

Fomu hujazwa mtandaoni. Mfumo hukupa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, kisha unaendelea. Andaa namba zako za mtihani za UCE na UACE, za miaka sahihi. Ukikosea tarakimu moja umeomba kwa matokeo ya mtu mwingine. Mwenye cheti cha nje, Kenya, Kongo au kwingineko, sharti kilinganishwe kwanza na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, na jambo hilo linachukua muda, basi usingoje fomu zitoke ndipo uanze safari ya ofisini kwao Ntinda.

Sasa rudi kwenye majina yetu. Mpangilio wa chaguo si mapambo: mfumo unaanza na la kwanza, ukikosa unashuka. Kwa hiyo "bahati" unayoipenda kuliko zote iwe juu. "Sala" moja inaruhusiwa, ikiwa moyo umekataa kutulia, nayo ikae juu kabisa. Ikiwa chini haina maana, kwani ukifika huko wengine wameshajaza. Chini yake weka "yangu" mbili zilizo koleji tofauti. Tofauti, narudia, ili mlango mmoja ukifurika maji usizame nao wote.

Kosa ninaloliona zaidi ni mtoto kujaza kozi nne za afya peke yake, zote zinalazimisha Baiolojia aliyopata D. Hizo si chaguo nne. Ni moja aliyoiandika mara nne.

Kuna wanaoniuliza: je, niingie koleji rahisi kisha nihame? Kubadilisha kozi kunaruhusiwa wiki za mwanzo, lakini sharti uwe ulifikisha pointi za kozi unayohamia mwaka huo huo, na nafasi iwepo. Sasa fikiri: kama ulizifikisha, kwa nini hukuiomba? Ujanja huu humsaidia aliyekosea kupanga fomu, haumsaidii aliyekosa pointi.

Waliokuja kwa njia nyingine, wenye diploma au waliofikisha miaka 25 na kufanya mtihani wa watu wazima, wana mgao na masharti yao. Mizani niliyoieleza hapo juu si yao, wasijipime nayo.

Kabla ya kubonyeza

Nenda ukaone, kama nauli inapatikana. Siku moja yatosha. Shuka Wandegeya, kula rolexi, ile chapati iliyokunjwa na mayai, panda hadi Jengo Kuu, lile lililoungua Septemba 2020 na kujengwa upya, halafu uende kwenye koleji unayofikiria. Usiende ofisini. Kaa ngazini saa ya mapumziko uwaulize wa mwaka wa pili mambo matatu: darasa lina watu wangapi, mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, na walimaliza muhula uliopita na masomo mangapi ya kurudia. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya barua, na wa mwaka wa mwisho ana kinyongo cha utafiti wake. Wa pili husema kweli.

Asiyeweza kusafiri ampigie simu mtu wa kwao aliyeko huko. Wilaya nyingi zina chama cha wanafunzi wake pale kilimani, na viongozi wake hupenda kuulizwa.

Ukimaliza kujaza, piga picha kila ukurasa, weka risiti ya malipo pamoja na karatasi ya matokeo katika bahasha ile ile ya kaki, na umpe mama aitunze. Majina yakitoka tafuta kwa namba yako, si kwa jina. Mwaka juzi watoto wawili wa hapa wenye majina yanayofanana walichinja kuku kwa nafasi moja.